Msichana Aliyeitwa Tobias

Aasiaat, 9 Septemba 1997

Shangazi Ane,

Natumai huko Aalborg mko salama, na kwamba bado hujawa Mdenmark kiasi cha kushindwa kusoma mwandiko wangu. Mimi mzima, ila mfuko na tumbo vinalalamika kwa pamoja.

Nimefika hapa mjini wiki tatu zilizopita kuanza shule. Siku ya kuondoka kijijini Bibi alisimama gatini, akanishika mkono mbele ya kila mtu na kulia: "Mume wangu, hii mara ya pili unaniacha!" Nahodha alikuwa mgeni kutoka kusini. Alinitazama mimi wa miaka kumi na minane, akamtazama Bibi wa sabini, akaamua kutouliza. Unamjua mama yako. Tangu nizaliwe nikapewa jina la marehemu Babu, mimi ni mumewe na hataki mzaha. Alinionya hata nisirudie pombe, eti zamani ilinisumbua.

Sasa shida yangu. Baba amesema bweni linanipa kitanda na chakula, mengine nijitafutie. Kufikia Krismasi nisipopata kibarua cha baada ya masomo, nirudi nikakate samaki naye. Shangazi, mimi sitaki kurudi kukata samaki. Nataka kumaliza shule. Nimekwenda kiwanda cha uduvi, wamejaa. Dukani wanataka mtu wa kutwa nzima. Hotelini wameniambia nirudi watalii wakija, yaani mwezi wa sita, na mimi nitakuwa nimeshanuka samaki.

Baba anasema wewe ulisoma hapahapa, ukafanya kazi huku unasoma. Uliipataje?

Mpwa wako,
Ivalu


Aalborg, 24 Septemba 1997

Ivalu mpenzi,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, koti sijavua, mifuko ya sokoni imenielemea mikono yote miwili. Sikuweza kungoja kuingia ndani. Ulipoandika neno Aasiaat nilisikia harufu ya dizeli na kahawa ya asubuhi pale bandarini. Nimeishi Denmark miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, na bado nikiota, naota nikiwa kwenye ukungu wa mji huo, nasikia mbwa wa ng'ambo ya pili na siwaoni.

Niambie, bado maji ya bandarini huwa mazito kama uji kabla hayajaganda? Na wanafunzi bado wanapita njia ya mkato nyuma ya kanisa, wakianguka mmoja mmoja?

Mimi nilifanya kazi kwenye mgahawa wa wavuvi, kwa mama mmoja. Niliosha vikombe, nikakoroga supu ya nyama ya sili, nikafuta meza ambazo dakika mbili baadaye zilichafuka tena. Sijawahi kula vizuri kama wakati ule. Mgahawa wenyewe nasikia ulibomolewa zamani.

Kuhusu kutafuta, sikiliza. Usiende maofisini na karatasi mkononi kama Mdenmark. Nenda asubuhi, vua viatu mlangoni, kubali kahawa. Kikombe cha kwanza zungumzia hali ya hewa. Cha pili waache wakuulize wewe ni wa nani. Kazi usiitaje hadi cha tatu. Mtu aliyeomba kazi kabla ya kikombe cha tatu mimi sijawahi kumwona akipewa.

Na jambo moja zaidi. Wakikuuliza wewe ni wa nani, mtaje baba yako, usinitaje mimi. Niliondoka mji huo bila kuaga, na watu wazima wa huko hawasahau.

Shangazi yako,
Ane


Aasiaat, 15 Oktoba 1997

Shangazi,

Nimepata! Kikombe cha tatu kimefanya kazi, ingawa moyo ulinidunda mpaka jioni kwa kahawa yenyewe.

Ni nyumba ya wazee, ile ya kilimani. Msimamizi anaitwa Juditha. Siku nne kwa wiki, masomo yakiisha, nakwenda kuwapa kahawa, kuwakata kucha, kuwavua soksi, kucheza nao karata. Baba nimeshampigia simu. Amenuna kwanza, halafu akasema basi na aanze kuzoea kukata samaki peke yake.

Nikueleze kuhusu mmoja, maana ananifurahisha na kunitesa kwa kiasi kilekile. Anaitwa Bolette, ana miaka themanini na minne, na anaiba karata waziwazi. Siku ya kwanza nilimkamata na mfalme chini ya blanketi.

"Bibi, hiyo karata imefikaje huko?"

"Ilisikia baridi."

Kisha akanikazia macho. "Wewe mtoto, kidevu hicho umekitoa wapi?"

"Kwa baba yangu, Bibi."

"Na yeye?"

"Kwa baba yake."

"Haya. Gawa karata."

Juu ya kitanda chake kuna picha ya msichana aliyevaa aproni, kashika birika, anacheka. Nikamuuliza ni nani. "Mwanangu Tobias," akasema.

"Bibi, huyu ni msichana."

"Kwani nimesema si msichana? Kwenu hakuna majina?"

Nikaona aibu, mimi niliye mume wa bibi yangu. Lakini nilipokuwa napangusa vumbi niliitazama ile picha kwa karibu. Shangazi, huyo msichana ana meno yako. Lile la mbele limepanda juu ya mwenzake vilevile. Na Bolette alikuwa na mgahawa bandarini.

Sijasema neno kwa mtu. Ni wewe?

Ivalu


Aasiaat, 18 Novemba 1997

Shangazi,

Wiki tano, na hata kadi hujaleta. Kama ni posta, nitaisamehe posta. Kama ni wewe, basi kunyamaza kwako kumeshanijibu.

Helikopta ikisikika, Bolette huweka karata chini. "Nenda dirishani uone nani ameshuka."

"Namtafuta nani, Bibi?"

"Ukimwona utajua."

Narudi namwambia ni fundi wa simu, au mchungaji, au mizigo mitupu. Anaitikia "haya," anaokota karata zake na anacheza vibaya mpaka wakati wa chakula. Hata kuiba anasahau. Juditha anasema amekuwa akifanya hivyo tangu alipohamia hapa.

Juzi alishindwa kuinuka kitandani. Daktari amesema moyo wake umechoka sana, tusimpandishe ngazi wala kumkasirisha. Nimwambie nini mimi siku atakaponiuliza tena kidevu hiki ni cha nani?

Ivalu


Aalborg, 4 Desemba 1997

Ivalu,

Si posta. Nimeanza barua hii mara saba.

Ndiyo, ni mimi. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimegonga milango tisa bila kupata kazi. Bwenini wasichana walinisimulia habari za Bolette wa mgahawa na mumewe Enok. Mtoto wao wa pekee, Tobias, alikwenda kuwinda kwa sleji ya mbwa mwaka 1954, barafu ya baharini ikameguka ikaondoka naye. Hawakupata hata mjeledi wake. Mimi nilizaliwa 1955, na jina langu la pili ni Tobiasine. Nililipata kwa nyanya wa mama yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kuukanyaga mji wa Aasiaat. Hilo nililijua vizuri kabisa nilipokuwa navua viatu kwenye mlango wa Bolette.

Akanipa kahawa. "Waitwa nani?"

"Tobiasine."

Akaweka birika chini. "Umeitwa kwa nani?"

Nikajibu nikitazama kikombe: "Kwa kijana mmoja wa huku, aliyechukuliwa na barafu. Nilizaliwa mwaka uliofuata."

Enok alikuwa pembeni anashona nyavu. Akaacha kushona. Bolette akainuka, akaniletea sahani ya mbavu za sili, akaniwekea mbele. "Kula, mwanangu," akasema. "Umechelewa sana."

Miaka miwili nilikuwa Tobias. Kiti cha Tobias nilikalia mimi. Ulimi wa sili, ambao Tobias aliupenda, nililishwa mimi, ingawa siupendi hadi leo. Enok alinifundisha kufunga mbwa kwenye sleji, akanitania kwamba zamani mikono yangu ilikuwa na nguvu zaidi. Nikamjibu kwamba zamani nilikuwa nalishwa zaidi. Tulikuwa tukicheka mpaka Bolette anatufukuza jikoni. Sijapendwa vile tena, Ivalu, si na mume niliyekuwa naye, si na mtu yeyote. Na yote nilikuwa nimeyaiba kwa maiti wa watu.

Februari 1974 Enok aliugua mapafu. Bolette alikuja bwenini mwenyewe, kichwa wazi kwenye baridi ile, akasema pale mlangoni: "Mwambieni Tobias baba yake anamwita." Mimi nilikuwa chumba cha kufulia, nimejibanza kati ya mashuka, namsikia. Mtu anayekula na kucheka niliweza kumdanganya. Mtu anayekata roho, akiamini anamuaga mwanawe, sikuweza. Nikawaomba wenzangu waseme nimesafiri. Enok alingoja siku tatu. Ya nne kengele ya kanisa ikalia. Wiki iliyofuata nikapanda helikopta nikaja huku, nikamwambia baba yako kwamba nimepata nafasi ya masomo.

Sasa umejua. Nakuomba usimwambie. Mwache afe na mwanawe. Nisimnyang'anye mara ya pili.

Ane


Aasiaat, 17 Desemba 1997

Shangazi,

Nimeisoma barua yako katika kile chumba cha kufulia. Bado kipo. Nilitaka kukuchukia nikashindwa, basi nikaenda kazini nikiwa nimekasirika tu.

Unasema nimwache afe na mwanawe. Lakini Shangazi, huyu mama hangoji aliyechukuliwa na barafu. Anangoja anayeshuka kwenye helikopta.

Jana alinikamata mkono nikimvua soksi. "Wewe ni wa Hendrik," akasema. Nikasema ndiyo, baba yangu ni Hendrik. "Na Hendrik ana dada." Nikasema ndiyo. Aligeukia ukutani, nikamfunika.

Kazi hii nimeipata kwa kahawa yangu mwenyewe, sikumwambia mtu uongo. Usinifanye niifanye kwa uongo wako. Mimi ndiye ninayemwangalia usoni siku nne kwa wiki. Sitatoboa siri yako, nakuahidi hapa, na ahadi hiyo nitaitimiza. Lakini na wewe usiniagize nimdanganye. Mwandikie. Andika mwenyewe, mimi nitamsomea, neno kwa neno, zuri na baya.

Ila fanya haraka. Siku hizi anakula vijiko vitatu tu, na hajaiba karata tangu Jumapili.

Ivalu


Aalborg, 2 Januari 1998

Kwa Bolette, wa mgahawa wa bandarini

Sijui nikuite nani, maana jina nililokuwa nikikuita sikuwa na haki nalo.

Mimi si Tobias. Sikuwahi kupewa jina lake. Niliitwa kwa bibi mmoja wa kwetu, na habari za mwanao nilizisikia kwa wasichana wa bwenini. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka kazi, na baadaye nikaendelea kwa sababu nilitaka niendelee kuwa wenu. Nilikula chakula chake, nikakalia kiti chake, nikayaitikia mapenzi yake. Enok aliponiita nilijificha. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini, kwamba alimngoja mwanawe siku tatu, na aliyetakiwa kuja alikuwa mwizi.

Sikuombi kitu. Nilitaka ulijue hili kutoka kwangu ukiwa hai. Kama ukiamua kuichana ile picha, nitaona ni haki yako.

Miaka ile miwili ndiyo niliyo nayo. Kila kitu kizuri ninachokikumbuka kimetoka jikoni kwako.

Ane


Aasiaat, 21 Januari 1998

Kwa Ane,

Naandikiwa na Ivalu kwa kuwa mkono wangu unatikisika. Nimemkataza kuremba. Barua yako amenisomea mara mbili. Ya kwanza alilia nisisikie kitu, nikamwambia apenge kamasi aanze upya.

Wewe mtoto, ulinidhania mjinga?

Mtu akimpa mwanawe jina la marehemu wa watu, huja kuwaambia. Huja na mtoto mgongoni, hata kama ni mwendo wa siku nne kwa mbwa. Asipoweza, hutuma neno. Na sisi wenye marehemu humshonea mtoto yule viatu vyake vya kwanza. Kwa jina la Tobias nilishona jozi tatu. Ya kwanza ya Tobias wa ghala la mafuta, ya pili ya Tobias wa kule Kangaatsiaq, ya tatu ya binti wa katekista. Yule wa ghala la mafuta ulikuwa ukimnung'unikia kila siku, eti anakunywa kahawa bila kulipa. Ulifikiri nilimpa bure kwa uzuri wa sura? Jozi ya nne sikushona. Kisha unatokea wewe, msichana mzima, masikio yamekuiva kwa aibu, unasimulia hadithi yako kama mtoto anayesomeshwa aya kanisani.

Ulipokwenda kuosha vikombe Enok aliniuliza, "Huyu nani kamfundisha kusema uongo vibaya hivi?"

Nikamwambia, "Ana njaa."

Akasema, "Basi awe Tobias mpaka ashibe."

Tulidhani utasema mwenyewe. Tulingoja wiki, tukangoja mwezi, halafu tukaacha kungoja, kwa kuwa ulishakuwa mtu wa nyumbani. Nilipokuita mwanangu nilikuwa namwita aliye mbele yangu, mwenye jino lililopanda.

Siku ile nilipokuja bwenini viatu vyako vilikuwa mlangoni. Mimi ndiye niliyekushonea ulipokuwa kwetu, ningevisahau? Nilijua umo ndani. Nilisema "Tobias" kwa sababu wenzako walikuwa wamejaa pale wakisikiliza, na mbele yao nisingekuaibisha. Hapo nilikosea mimi. Ningeita Ane ungetoka. Nimelifikiria hilo miaka mingi kuliko wewe.

Enok hakuwa akimtaka Tobias. Tobias tulikwisha kumlilia, na mzee wangu aliamini kwamba kesho yake atamwona. Aliniambia, "Niitie mwongo wetu, nimcheke kidogo." Kila mlango ulipolia aligeuza kichwa. Wewe ndiye uliyengojwa siku zile tatu. Wewe, mtoto wa watu, na kidevu hicho.

Kuhusu uongo sina neno nawe. Kuhusu siku zile tatu nimekukasirikia tangu wakati ule na nimekasirika hadi leo. Ivalu ameniuliza kama aliandike hilo. Nimemwambia aliandike. Hilo sitakusamehe kwa barua. Uje mwenyewe, ukae hapa mbele yangu, nikugombeze mpaka nichoke, ndipo tutaongea mengine.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Daktari mwenyewe ametoka shule juzi. Leo nimekula sahani nzima, Ivalu ni shahidi, na nimemfunga karata mara mbili, moja kwa haki.

Helikopta hutua Jumanne na Ijumaa. Enok alikungoja siku tatu. Mimi ni mkaidi kuliko Enok, lakini usinijaribu.

Bolette